Kidonge kimoja chafunga na chafungua: tuongee Primolut bila haya

Juzi magharibi nimekaa kaunta hapa Langoni, mtaa wa Lamu, kemisti imetulia, akaingia mama na buibui lake, akatupa jicho nyuma kuona kama kuna mtu, kisha akafungua fundo la leso pole pole. Ndani mna vidonge 6 vyeupe kwenye kipande cha karatasi ya fedha kilichokatwa kwa mkasi, jina lishakatika nusu, limebaki "molut". Akaninong'oneza, mwanangu, hizi nimepewa na jirani, ni za kuzuia. Za kuzuia nini mamangu? Akacheka, ati si wajua. Nikamwambia hapana sijui, manake hizi zazuia damu na pia zaleta damu, na wako wanaozimeza wakidhani zazuia mimba, sasa wewe wataka ipi? Akavuta kiti akaketi.

Bas nikaona niandike, kwa sababu swali hilo nimelijibu mara nyingi mno hadi nimechoka kunong'ona.

Kwanza kilichomo ndani. Primolut ni jina la biashara tu, dawa yenyewe ni norethisteroni, na kidonge kimoja kina miligramu 5. Ni homoni ya kutengenezwa, ya ukoo wa projestini, yaani zile zinazoiga projesteroni ambayo mwili wa mwanamke hujitengenezea wenyewe kila mwezi baada ya yai kutoka. Mtu atasema mbona wasitupe hio ya asili tukamaliza maneno, shida ni kuwa ile ya asili ukiimeza hivi hivi ini laivunja upesi sana kabla haijafanya kazi ya maana, ndo watu wa kemia wakaitafutia ndugu asiyevunjika ovyo. Huyu ndugu alipatikana Mexico City tarehe 15 Oktoba 1951 kwenye maabara ya kampuni ya Syntex, na aliyeikamilisha kwa mikono yake alikuwa kijana wa miaka 26, Luis Miramontes, wakubwa wake wakiwa Carl Djerassi na George Rosenkranz. Malighafi ilianzia kwenye kiazi kikuu cha porini cha huko Meksiko. Mimi hupenda kuwaambia wazee hilo la kiazi, nyuso zao hulainika kidogo, ila tafadhali msije mkachemsha viazi vikuu vya sokoni mkangoja miujiza, kukigeuza kiazi kuwa homoni ni kazi ya maabara, tumbo haliwezi. Marekani ilianza kuuzwa 1957 kwa shida za hedhi, habari za kuzuia mimba zikafuata baadaye.

Sasa hapa ndipo penye fundo lenyewe kwahivyo nisikilizeni taratibu. Kizazi kila mwezi hutandika kitanda. Estrojeni, homoni nyengine ya mwanamke, ndiyo inayoleta godoro, yalijaza, lawa nene. Yai likishatoka, projesteroni yaja kunyoosha shuka na kulishikilia godoro lisianguke, ili mgeni, yaani mimba, akija akute pa kulala. Mgeni asipokuja, baada ya kama wiki 2 hivi projesteroni yashuka yenyewe, hakuna tena wa kushikilia, kitanda chatanduliwa, na huko kutandua ndiyo damu tuionayo. Kwa hivyo damu huja kwa sababu projesteroni IMEONDOKA. Soma tena hapo. Haiji kwa sababu projesteroni imekuja, yaja kwa sababu imeondoka.

Ukilishika hilo basi utaelewa mbona kidonge kimoja kinafanya kazi mbili zinazopingana. Maadamu wakimeza, mwili waona projesteroni bado iko, godoro lashikiliwa, damu haiji. Siku ukiacha, godoro laachiwa, damu hio baada ya siku 2 au 3. Ndo mmoja anakimeza kusogeza mwezi, yaani hedhi, mwengine anakimeza siku 10 alafu anaacha makusudi ili mwezi uje. Kidonge ni kile kile, tofauti ni lini unaanza na lini unaacha. Na ndo maana dozi ya jirani yako haikufai, jirani alipewa kwa kazi yake.

Tuanze na kusogeza siku, manake hapa Lamu ndiyo inayouzwa sana, arusi, Umra, Hija, na bibi harusi mwenyewe siku hizi hatumi kungwi, yuaja na simu yake ina programu ya kuhesabu siku. Dozi inayoandikwa ni kidonge kimoja mara 3 kwa siku, unaanza siku 3 kabla ya tarehe unayotarajia, na karatasi ya dawa yasema isizidi siku 10 mpaka 14. Kuna binti alikuja mwezi uliopita, hedhi yake ilikuwa ije tarehe 20, arusi tarehe 22, na shughuli za fungate mpaka 24. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani: aanze 17, amalize 24, hizo ni siku 8, mara 3, vidonge 24. Damu aitarajie 26 au 27. Nikamwambia pia usije ukaanza tarehe 19 usiku kwa sababu ulikuwa umesahau, wakati huo mwili ushaanza kutandua na kuuzuia ni bahati nasibu. Na kama hedhi yako huja inapotaka, mwezi huu siku 25 mwezi ujao siku 40, hio "siku 3 kabla" ni kukisia tu, mpango waweza kuvunjika.

Mara 3 kwa siku si kusumbuana. Norethisteroni hupungua nusu kwenye damu kwa kama saa 8 hivi, kwahivyo unapokaa muda mrefu bila kumeza kiwango chashuka na matone yaanza. Umesahau kimoja, kimeze unapokumbuka alafu endelea na saa zako, usimeze viwili kwa pamoja eti wafidia.

Hapa ndo Ramadhani huleta kizungumkuti. Watu wataka wafunge 30 zote bila deni, nawaelewa, ila piga hesabu. Kimoja kwenye futari saa 12 na nusu jioni, kimoja saa 5 usiku, kimoja kwenye daku saa 10 alfajiri, alafu kutoka hapo mpaka futari ni kama saa 14 na nusu hujameza kitu. Mchana wote kiwango chateremka, na ndo maana wengi hulalamika kuwa Ramadhani "dawa imekataa", matone ya hudhurungi ya kila siku, si hedhi si twahara. Pia mwezi mzima umepita hizo siku 10 hadi 14 za kwenye karatasi. Wako madaktari wanaokubali kuipanga kwa muda mrefu zaidi au kwa namna nyengine, lakini hio ni ya daktari aliyekuuliza maswali na kukupima presha, usiipange wewe na mimi hapa kaunta mwezi ukishaandama. Na hayo matone kama ni hedhi au istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, kamuulize maalim wako, mimi niulizeni ya dawa.

Kazi ya pili, na kwangu hii ndiyo nzito, ni damu inayotoka nyingi au isiyokatika. Hapa dozi ni ile ile miligramu 5 mara 3 kwa siku lakini kwa siku 10 kamili, kwa hivyo vidonge 30. Damu kwa kawaida hukatika ndani ya siku 1 hadi 3, na kosa kubwa hutokea hapo hapo, mtu akiona pakavu siku ya 3 anaacha, anaweka vilivyobaki kwenye kabati, siku mbili baadaye damu imerudi, anasema dawa ni feki. Si feki. Umeachia godoro kabla halijapangika. Maliza siku 10, alafu jua kuwa baada ya kumaliza kuna damu itakuja ya siku chache, hio ni ya kutandua, ilitarajiwa, usikimbilie vidonge tena. Kama damu nyingi ni tabia ya kila mwezi daktari aweza kukupangia nusu ya mwisho ya mzunguko, mfano kidonge kimoja mara 2 kwa siku kuanzia siku ya 19 hadi ya 26 ukihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi.

Lakini mwaka ule mamangu mdogo alikaa miezi karibu kumi akinunua hizi hizi kwenye duka moja, kila akivuja anapewa pakiti, akimaliza yavuja tena, anapewa nyengine, hakuna aliyemwambia lala hapa tukuangalie. Alikuwa akipanda ngazi za nyumba yetu, zile ngazi za mawe zilizosimama kama ukuta, akifika juu anakaa chini anahema na viganja vimekuwa vyeupe kama chokaa. Mwisho tukampakia boti mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, tukaenda kupiga picha ya kizazi, kumbe faibroidi, uvimbe wa saizi ya chungwa. Vidonge havikuwa na kosa, vilikuwa vikiziba mlango huku moto uko ndani. Kwahivyo nauliza kila mara hata kama mtu atanuna: damu hii ushapimwa ikajulikana yatoka kwa nini? Na mama alokwishakatikiwa na hedhi mwaka mzima au zaidi, akiona damu hata tone, huyo simuuzii kabisa, aende hospitali, manake kansa ya kizazi na ya mlango wake huanza hivo hivo, kwa tone lisilouma.

Kazi ya tatu ni kuleta mwezi uliopotea. Hapa sauti za kaunta hushuka zaidi, na wengine hawasemi ukweli wote. Ikiwa hedhi imekosekana jambo la kwanza ni kipimo cha mimba, hakuna njia ya mkato hapo. Kama mimba hakuna, daktari aweza kuandika projestini kwa siku chache, norethisteroni au ndugu yake medroksiprojesteroni, ile ya miligramu 10 mara moja kwa siku kwa siku 5 hadi 10, alafu waacha na kungoja kama wiki. Damu ikija maana yake godoro lilikuwepo, lilikosa tu wa kuliachia, mambo haya hutokea kwa wenye mayai yasiyotoka kila mwezi, na kwa unene pia. Isipokuja, daktari atafuta kwengine. Na kama mimba ipo, kidonge hiki HAKITOI mimba, kwa sababu mimba yenyewe yategemea projesteroni, umeiongezea kile kile ilicho nacho, na juu ya hapo si dawa salama kwa mtoto aliye tumboni. Zamani Uingereza kulikuwa na vidonge vya Primodos, ndani mna norethisteroni na estrojeni, mwanamke akipewa kama kipimo, damu ikija hana mimba, isipokuja anayo. Vilitolewa sokoni huko 1978 baada ya malalamiko marefu ya wazazi kuhusu watoto waliozaliwa na kasoro. Sahi kuna kipimo cha mkojo cha bei ya chupa mbili za soda, kwa nini uhangaike.

Endometriosisi nitapita haraka, ni pale ngozi kama ile ya ndani ya kizazi yaota nje ya kizazi, na kila mwezi nayo yavuja huko huko tumboni, maumivu ya kugaragara. Huko norethisteroni hutumika miezi, 4 hadi 6 au zaidi, miligramu 10 hadi 15 kwa siku bila kupumzika, na lengo ni kulilaza lile godoro kila lilipo. Hio ni safari ya daktari wa akina mama, haiuzwi kwa neno la mdomo.

Haya, mimba. Hiki kidonge cha miligramu 5 kwa dozi ya kusogeza siku usikitegemee kama uzazi wa mpango, bibi harusi nasema na wewe hasa, ukiwa hutaki mimba tumia kondomu au njia yako nyengine. Kinachochanganya watu ni kwamba norethisteroni hio hio ipo kwenye vidonge vya kupanga uzazi, ila huko ni miligramu 0.35 tu kila siku bila kuacha, kama mara 14 ndogo, na ipo sindano yake ya miligramu 200 ya kila miezi 2. Mtu anasikia jina moja anadhani yote ni sawa, kumbe ni kama chumvi, ya kwenye mchuzi na ya kukaushia papa ni chumvi ile ile lakini hutii kwa kipimo kimoja.

Na ndugu zake wengine mshawazoea bila kujua ni ukoo mmoja. Depo, ile sindano ya miezi 3, ni medroksiprojesteroni miligramu 150, hio yazuia mimba kweli, ila ukiacha yaweza kuchukua miezi mingi kabla mwili haujarudi kushika mimba, wengine mpaka mwaka. P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni levonojestreli, miligramu 1.5 jumla, ndani ya saa 72 na kadri ya mapema ndo bora, na yafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka. Vijiti vya mkononi pia ni projestini, vinatoa kidogo kidogo kwa miaka 3 au 5. Hakuna hata kimoja hapo unachoweza kukibadilisha na chengine kwa kufananisha tu majina.

Maswali ninayouliza kabla sijashika pakiti ni haya, na mtu asikasirike. Ushawahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, moyo? Wasema "hiki ni kidonge cha projestini tu, estrojeni ndo mbaya", kweli, lakini norethisteroni ya dozi hizi kubwa, sehemu yake ndogo mwilini hugeuka kuwa estrojeni, ile ethinilestradioli ya vidonge vya kupanga uzazi, kwahivyo hatari ya damu kuganda ipo. Sasa mchukue mtu mnene, avuta sigara, miaka 40 na kitu, anameza 3 kwa siku kwa ajili ya Umra, kisha boti, kisha basi Mokowe mpaka Mombasa kutwa nzima magoti yamekunja, kisha ndege. Huyo aongee na daktari kwanza, mara nyingi hubadilishiwa medroksiprojesteroni ambayo haigeuki hivo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla, kichwa kikiuma kama hakijawahi au macho yakiona kiza, acha dawa, nenda hospitali siku hio hio, usingoje kumaliza tawafu.

Nauliza ini, ushawahi kuwa na manjano. Nauliza kansa ya titi. Nauliza kipandauso kile cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza. Na nauliza dawa nyengine, hapa wengi huficha, manake dawa ya TB yenye rifampisini na zile za kifafa kama kabamazepini na fenitoini zachochea ini liivunje homoni haraka, kidonge chaingia na kutoka bila kushika, na dawa nyengine za virusi kama efavirenzi nazo hupunguza nguvu ya projestini, wenye vijiti mkononi hili lawahusu hasa. Mimi siandiki popote, niambie tu pembeni.

Ya kawaida ya kusumbua ni tumbo kujaa, matiti kuuma, kichwa, kichefuchefu, chunusi, na hasira za bure, bwana harusi mmoja aliniambia kwa utani kuwa wiki ile aliogopa hata kuuliza chai iko wapi. Yaisha ukiacha.

Turudi kwa mamangu wa fundo la leso. Yeye kumbe alikuwa na safari ya Umra baada ya siku 9, hedhi yake ya mwisho hakumbuki ilianza lini, na presha anayo. Vidonge 6 ni vya siku 2. Nikamwandikia kwenye karatasi aende kwa daktari kesho asubuhi na ajaribu kukumbuka tarehe, akasema atauliza bintiye, yeye ndiye hukumbuka. Nikamuuliza jirani alivipata wapi. Ati vya mwanawe, vilibaki arusini. Nikahesabu kichwani, pakiti ya 30, arusi yatumia 24.

Akavifunga tena kwenye leso, nikamwambia niachie hivyo hapa, akaniangalia, kisha akaviweka kaunta.